Kumweka mgombea kitimoto: maswali ya vita na ubaguzi kwenye uchaguzi wa Uingereza

“Je, wewe unapenda amani?” Hakuna mgombea aliyewahi kujikwaa kwenye swali hilo. Atasema anaipenda sana, ataongeza neno la huruma kuhusu watoto, ukumbi utapiga makofi, na aliyeuliza atarudi nyumbani mikono mitupu baada ya kusubiri saa nzima apewe kipaza sauti. Sasa sikiliza hili: “Tarehe 15 Novemba 2023 wabunge walipigia kura pendekezo la SNP, chama cha kizalendo cha Scotland, la kutaka mapigano ya Gaza yasitishwe mara moja. Lilishindwa kwa kura 293 dhidi ya 125. Wewe ulipiga, au ungepiga, kura gani?” Hapo ndipo mtu anaanza kutafuta glasi ya maji.

Swali la kwanza linahusu hisia, na hisia haziandikwi kwenye kumbukumbu za Bunge. La pili linahusu kitendo chenye tarehe. Wapinga vita wa Uingereza, kuanzia wazee wa CND walioandamana dhidi ya mabomu ya nyuklia tangu 1958 mpaka vijana wa Stop the War, muungano ulioanzishwa Septemba 2001, wamejifunza hilo kwa kuumizwa mara nyingi. Mbunge anaweza kuilaani vita mchana kutwa, na usiku akaipigia kura ya ndiyo. Kwa hiyo uliza kura, uliza leseni, uliza kifungu cha sheria. Mengine ni mapambo.

Jambo hili linamgusa Mswahili kwa njia ambayo wengi hawaijui. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa huko hata kama hana pasipoti ya Uingereza, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Rwanda imo tangu ilipojiunga mwaka 2009. Mkongo na Mrundi hawamo mpaka wapate uraia wa Uingereza. Siku ya kura unatakiwa kitambulisho chenye picha, kwa mujibu wa sheria ya 2022, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata iliyokwisha muda, ilimradi sura iliyomo bado ni yako. Mgombea akijua kwamba aliyesimama mbele yake ni mpiga kura wa jimbo lake, humsikiliza kwa sikio jingine. Ndiyo maana swali zuri huanza kwa kutaja mtaa unaokaa.

Na kura hizo zina uzito. Tarehe 4 Julai 2024, jimbo la Leicester South lilimwangusha Jonathan Ashworth wa chama cha Labour, mtu aliyetarajiwa kabisa kuingia baraza la mawaziri, akashindwa na mgombea binafsi Shockat Adam, mtaalamu wa macho, kwa kura 979. Ilford North, Wes Streeting, naye wa Labour, aliponea chupuchupu kwa kura 528 mbele ya Leanne Mohamad, naye mgombea binafsi. Birmingham Yardley, Jess Phillips alibaki na kura 693 tu za ziada, ingawa alikuwa amejiuzulu wadhifa wake wa uwaziri kivuli wa upinzani ili apige kura ya kusitisha mapigano. Huo mfano wa mwisho nitaurudia, maana una somo chungu kwa wanaouliza.

Siku zenyewe ni chache

Tuchukue kalenda ya 2024. Bunge lilivunjwa 30 Mei. Majina ya wagombea yalifungwa saa kumi jioni tarehe 7 Juni. Mwisho wa kujiandikisha kupiga kura ulikuwa 18 Juni, na kura zikapigwa 4 Julai. Kati ya kujua nani hasa anagombea na kupiga kura kuna siku 27. Ndani ya siku hizo kuna watu wanaopiga kura kwa posta, na kabla wiki ya mwisho haijafika wengi wao wamesharudisha karatasi zao. Kikundi kinachopanga mdahalo mkubwa siku tatu kabla ya uchaguzi kinazungumza na ukumbi uliokwisha kuamua.

Makosa mawili ya ratiba hurudiwa kila uchaguzi. La kwanza ni kuanza kuandika maswali baada ya Bunge kuvunjwa. Maswali yaandaliwe mapema, majina ya wagombea yajazwe baadaye. La pili ni kuandaa mdahalo wenu wenyewe wakati makanisa ya mtaa, kama ilivyo desturi sehemu nyingi za Uingereza, yameshaandaa wao. Mgombea mwenye siku 27 atakwenda kanisani kwanza, kwa sababu kule kuna watu 200 wasiokuwa na upande. Nendeni huko huko. Swali moja lililoulizwa kwenye ukumbi wa kanisa mbele ya wazee wasiomjua mtu wa Stop the War ni bora kuliko kumi yaliyoulizwa mbele ya waliokwisha kuafikiana.

Mkiamua kuandaa wenyewe, alikeni wagombea wote. Sheria za matumizi ya uchaguzi Uingereza zinautazama mdahalo uliowaalika wote, au ulioacha wengine kwa sababu ya haki isiyo ya upendeleo, kama jambo lisilomnufaisha mtu. Ukialika uliowapenda tu, gharama za ukumbi, matangazo na chai zinaweza kuhesabiwa kuwa ni kampeni. Kwa kikundi kinachompigia debe au kumpinga mgombea mmoja katika jimbo, bila idhini ya mgombea yeyote, kikomo ni pauni 700. Ukumbi mmoja wa kukodi na vipeperushi elfu chache vinakumaliza.

Kusoma kumbukumbu, na mitego yake

Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ina orodha ya majina kwa kila kura iliyopigwa, waliosema ndiyo na waliosema hapana, na inapatikana mtandaoni bure. Kwa mbunge anayetetea kiti, kazi ya jioni moja inatosha: Iraq tarehe 18 Machi 2003 (412 dhidi ya 149), Syria 29 Agosti 2013 serikali iliposhindwa kwa 285 dhidi ya 272, Syria tena 2 Desemba 2015 (397 dhidi ya 223), silaha za nyuklia za Trident 18 Julai 2016 (472 dhidi ya 117), Gaza 15 Novemba 2023.

Ila orodha haisemi kila kitu. Haiandiki aliyejizuia. Mtu ambaye jina lake halionekani huenda alikataa kupiga kwa makusudi, huenda alikuwa mgonjwa, au alikuwa amepangwa na kiranja wa chama chake kukaa nje pamoja na mbunge wa upande wa pili ili kura zao zifidiane. Ukisimama ukumbini na kusema “ulikimbia kura”, kumbe mtu alikuwa hospitalini, umemkabidhi jioni nzima. Uliza: “Jina lako halipo kwenye orodha ya siku ile. Ulijizuia, au kulikuwa na sababu nyingine?”

Mtego mkubwa zaidi ni wa Gaza wenyewe. Tarehe 21 Februari 2024, SNP walileta tena hoja ya kusitisha mapigano. Baada ya zogo kubwa kuhusu uamuzi wa Spika, marekebisho ya chama cha Labour yaliyotaka usitishaji wa haraka wa kibinadamu yalipita bila kura kuhesabiwa. Hakuna orodha ya majina. Kwa hiyo mbunge wa Labour aliyejizuia Novemba anaweza kusema bila kudanganya kwamba chama chake kiliunga mkono usitishaji, na muulizaji asiyejua tofauti ya tarehe hizo mbili atabaki amesimama kinywa wazi. Ndiyo maana tarehe inaingia ndani ya swali. Swali lisilo na tarehe ni mlango wa nyuma.

Na hapa ndipo lile somo la Birmingham Yardley linapoingia. Jess Phillips alikuwa miongoni mwa wabunge 56 wa Labour waliopiga kura ya Novemba kinyume na maagizo ya chama, na akaachia wadhifa wake. Mpiga kura ana haki ya kumkataa kwa mengine, hilo ni juu yake. Lakini harakati inayomhesabu aliyejitoa sawasawa na aliyejificha inawafundisha wabunge wengine kwamba kujitoa hakuna faida. Rekodi isomwe yote, pamoja na ile inayompendeza mtu usiyempenda.

Mgombea mpya hana kura za Bunge. Huyo mtafute kwenye halmashauri. Wengi walikuwa madiwani, na madiwani hukaa kwenye kamati za mifuko ya pensheni ya serikali za mitaa, mifuko ambayo mingi ina hisa katika kampuni za silaha. Mihutasari ya kamati hizo ni ya wazi. Mtu aliyekwepa hoja ya hisa katika ukumbi wa manispaa ana historia ya kuulizwa, hata kama hajawahi kukanyaga Westminster.

Maswali ya nje ya nchi

Swali ninaloliona kuwa na faida kuliko yote ni la madaraka ya kuingia vitani. Kisheria Waziri Mkuu wa Uingereza hahitaji ruhusa ya Bunge kupeleka majeshi. Ni mamlaka ya Taji yaliyorithiwa na serikali. Baada ya kura ya Iraq ya 2003 ilianza kuonekana kama desturi kwamba Bunge lipige kura kwanza. Desturi hiyo ina matundu. Libya mwaka 2011, ndege zilianza kushambulia 19 Machi na kura ikapigwa 21 Machi. Syria Aprili 2018 hapakuwa na kura kabla ya mashambulizi. Yemen, usiku wa 11 Januari 2024, hapakuwa na kura pia. Swali basi ni: “Utaunga mkono sheria inayolazimisha Bunge kupiga kura kabla ya majeshi kwenda kushambulia, isipokuwa nchi inaposhambuliwa, hata kama Waziri Mkuu ni wa chama chako?” Mkia wa swali ndio wenye kazi. Vyama vyote hupenda sheria hiyo vikiwa upinzani.

La pili ni silaha. Vifaa vya kijeshi vinavyotoka Uingereza huhitaji leseni ya serikali, na mwongozo wake unasema leseni isitolewe pale palipo na hatari ya wazi kwamba vifaa vinaweza kutumika kutenda au kurahisisha ukiukaji mkubwa wa sheria za kimataifa za vita. Tarehe 2 Septemba 2024 serikali ilisimamisha leseni zipatazo 30 kati ya takriban 350 za kwenda Israel, lakini ikaacha vipuri vya ndege za F-35 vinavyopelekwa kwenye mpango wa pamoja wa nchi nyingi. Kampuni za Uingereza hutengeneza kama asilimia 15 ya thamani ya kila ndege hiyo. Mgombea atakujibu kwamba Uingereza ina masharti makali kupita nchi nyingi duniani. Usibishane naye juu ya ukali wa masharti. Uliza kipuri: “Vile vinavyopitia nchi ya tatu, ungevisimamisha?” Akisema mambo ya mahakama yaachiwe mahakama, unalo jibu: Juni 2025 Mahakama Kuu ya London, ikitupilia mbali kesi ya wanaharakati, ilisema uamuzi huo ni wa serikali inayowajibika kwa Bunge. Basi mgombea ubunge ndiye hasa wa kuulizwa.

Ila mjue mko wapi. Barrow-in-Furness, mji unaojenga nyambizi za nyuklia, au Warton kule Lancashire penye kiwanda cha ndege za kivita, swali la silaha likiulizwa bila neno kuhusu ajira linazimwa na watu wa ukumbini kabla mgombea hajafungua mdomo. Huko litayarisheni pamoja na mtu wa chama cha wafanyakazi, na liulizwe na yeye.

Kwa waliotoka kwetu kuna maswali ambayo Mwingereza wa kawaida hatayauliza. Mwaka 2012 Agnes Wanjiru aliuawa Nanyuki, mji wenye kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza, na uchunguzi wa mahakama ya Kenya mwaka 2019 ulihitimisha kwamba muuaji alikuwa askari wa Uingereza, mmoja au zaidi. Usiulize kama mgombea “anasikitika”. Wala usiulize kama “atamrudisha mtuhumiwa Kenya”, kwa kuwa kumhamisha mtuhumiwa ni kazi ya mahakama na waziri, na hapo atakuponyoka. Uliza ambacho mbunge yeyote anaweza kukifanya: “Katika miezi sita ya kwanza, utaandika swali la maandishi kwa Wizara ya Ulinzi kuhusu kesi hii na kutuletea jibu?” Wakongo wa London nao wana lao: Februari 2025 Uingereza ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada ya kifedha kwa Rwanda kwa sababu ya vita vya M23. Masharti ya kuirudisha ni yapi, na mgombea anataka yasomwe bungeni au yaamuliwe kimyakimya?

Ubaguzi: vita inaporudi nyumbani

Mara nyingi kamati za maandalizi hugawa jioni mafungu mawili, dakika 40 za sera ya nje na dakika 20 za ubaguzi, kana kwamba hayo ni mambo ya watu tofauti. Ni kosa. Sheria nyingi zinazomkuta Mwislamu au mtu mweusi wa Uingereza kiwanja cha ndege, shuleni au mtaani zilitungwa au kukazwa kwa kisingizio cha vita. Yaulizwe pamoja, na yaulizwe kwa kifungu.

Anza na kiwanja cha ndege. Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya 2000 linamruhusu ofisa kumsimamisha msafiri bandarini au kiwanjani na kumhoji hadi saa sita bila kuhitaji sababu ya kumshuku. Kukataa kujibu, au kukataa kutoa neno la siri la simu, ni kosa la jinai. Anayerudi kutoka Mombasa au Zanzibar akiwa na ndevu na kanzu anajua kinachosemwa hapa. Swali: “Utapiga kura ya kubadilisha Jedwali la 7 ili ofisa awe na sababu ya kushuku kabla ya kumsimamisha mtu?” Ni ndiyo au hapana. Mgombea akianza na “usalama wa taifa ni jukumu la kwanza la serikali”, mwache amalize, kisha mtu wa pili arudie maneno yale yale matatu: sababu ya kushuku.

Kuna mpango wa Prevent, ambao tangu Julai 2015 unazilazimisha shule, hospitali na halmashauri kuangalia dalili za watu kuelekea ugaidi na kuwaripoti. Wanaharakati wengi huuliza kama mgombea “anaupinga”. Akisema anataka “uboreshwe” mazungumzo yameisha. Jaribuni kipande kimoja: je, mtoto wa shule ya msingi aripotiwe bila mzazi kuelezwa? Ni rahisi kwa mgombea kuutetea mpango kwa jina, ni vigumu kuitetea fomu yenye jina la mtoto wa miaka tisa.

Suala lililo zito zaidi, na linalopuuzwa zaidi, ni kunyang'anywa uraia. Waziri wa Mambo ya Ndani anaweza kumvua mtu uraia wa Uingereza akiona kufanya hivyo kuna manufaa kwa umma, na sheria ya uraia na mipaka ya 2022 ikaongeza kwamba katika hali fulani anaweza kufanya hivyo bila kumjulisha mhusika kwanza. Kinga iliyopo ni kwamba mtu aliyezaliwa Mwingereza na asiye na uraia mwingine hawezi kuachwa bila nchi. Sasa tazama Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 14: mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake ni raia wa Kenya ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, hata akizaliwa nje. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Croydon kwa mama Mkenya, asiyewahi kushika pasipoti ya Kenya wala kufika Nairobi, ana uraia wa pili asiouomba, na huo ndio unaomwondolea kinga ambayo mwenzake wa dawati moja anayo. Swali lake ni jepesi kulisema: “Je, watu wawili waliozaliwa hospitali moja Uingereza wawe na uraia wenye nguvu tofauti kwa sababu ya walikotoka wazazi wao?” Ukumbi mzima unalielewa bila kueleza sheria yoyote, nami sijaona chama chochote kikubwa chenye jibu zuri.

Upekuzi wa polisi barabarani unajulikana, sitaukalia. Kifungu cha 60 cha sheria ya 1994 kinaruhusu kupekua bila kumshuku mtu katika eneo na muda uliotangazwa, na takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha watu weusi wakisimamishwa kwa kiwango kikubwa kuliko weupe. Uliza kuhusu kifungu cha 60 kwa namba yake.

Leicester wana kumbukumbu yao. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya jiji hilo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Walikuja, na leo jiji linajivunia wao. Mgombea wa pale anayetoa hotuba ya kusifu mchanganyiko wa watu aulizwe juu ya sera ya wakimbizi ya sasa, huku tangazo lile likiwa limechapishwa kwenye karatasi mkononi mwa muulizaji.

Na wanaouliza nao wajiangalie. Swali moja liulizwe kwa maneno yale yale kwa kila mgombea. Kumuuliza mgombea Myahudi kuhusu Israel kwa sababu ni Myahudi, au kumtaka mgombea Mwislamu alaani Hamas kabla hajaruhusiwa kuzungumzia usafiri wa mabasi, ni ubaguzi ule ule uliokuja kuupinga. Anayesimamia orodha ya maswali ayapitie yote usiku wa kabla: likionekana lina anuani ya mtu mmoja kwa dini au rangi yake, lifutwe.

Ndani ya ukumbi

Fika dakika 40 mapema. Kaeni mbalimbali, wawili wawili, viti vya pembeni mwa njia ambako mhudumu wa kipaza sauti hupita. Wanaharakati kumi wakikaa safu moja wenye fulana za aina moja, mwenyekiti atachagua mmoja tu na kuwaruka tisa. Midahalo ya makanisa mara nyingi hukusanya maswali kwa vikaratasi mwanzoni, na mwenyekiti huunganisha yanayofanana. Mkiandika vikaratasi kumi vya Gaza litatoka swali moja lililolainishwa: “Wagombea wana maoni gani kuhusu Mashariki ya Kati?” Andikeni kila kimoja kitu chake: kimoja F-35, kimoja Jedwali la 7, kimoja madaraka ya vita. Vikifika mezani haviunganishiki.

Swali lenyewe lisizidi sekunde 30, maneno 50 au 60. Liandikwe, lisomwe kwa sauti nyumbani na kupimwa kwa saa. Taja mtaa wako, taja ukweli mmoja wenye tarehe, uliza jambo moja. Ukiuliza matatu, atajibu jepesi kati ya matatu hayo na muda utakuwa umekwisha. Usishukuru sana. Usihutubie.

Chenga zinajulikana. “Ni suala gumu” hujibiwa na “ndiyo maana tunahitaji kujua kura yako.” Akisema ataangalia, mwulize lini, na nani amtumie barua. Anayesema chama chake bado hakijatoa msimamo aulizwe msimamo wake yeye. Ipo na chenga ya kumsifu muulizaji kwa moyo wake mzuri, ambayo huwaua wengi, ikijitokeza, yule wa pili aliyekaa upande wa pili wa ukumbi anyanyue mkono na kusema: “Sikusikia ndiyo wala hapana.” Kazi ya mtu wa pili ni hiyo tu, na apangwe kabla.

Msizomee. Kuvuruga mkutano wa kampeni ili kuuzuia usifanye kazi yake ni kosa chini ya kifungu cha 97 cha sheria ya uchaguzi ya 1983, na hata pasipokuwa na polisi, gazeti la mtaa litaandika kuhusu zogo na siyo kuhusu jibu. Kimya baada ya jibu baya kinaonekana vizuri zaidi kwenye video.

Mbunge asiyefika kabisa, jambo la kawaida kwa wenye viti salama, wekeni kiti chake na jina lake, mwenyekiti asome tarehe mlizomwandikia. Basi. Reg Keys, ambaye mwanawe aliuawa Iraq mwaka 2003, alichukua njia nyingine: mwaka 2005 aligombea dhidi ya Tony Blair kule Sedgefield akiwa mgombea binafsi, akapata kura 4,252. Kwa kuwa wagombea wote hupanda jukwaa moja matokeo yakitangazwa, Waziri Mkuu alilazimika kusimama nyuma yake na kumsikiliza mbele ya kamera. Dhamana ya kugombea ni pauni 500, na hurudishwa ukivuka asilimia 5. Keys alipata zaidi ya 10.

Baada ya jibu

Usiku ule ule andikeni alichosema, neno kwa neno kutoka kwenye rekodi, mkiwa mmeomba ruhusa ya kurekodi mlangoni. Mtumieni mgombea nakala na mpeni saa 48 asahihishe. Anayerekebisha kauli yake kwa maandishi amewapa kitu kizito zaidi ya kile cha ukumbini.

Jedwali la majibu mtakalochapisha lazima liwe na jina na anuani ya mchapishaji na ya aliyelitoa, na tangu Novemba 2023 matangazo ya mtandaoni nayo yana masharti ya namna hiyo. Asiyejibu aandikwe “hakujibu”, na tarehe za barua. Msimbashirie. Kutoa taarifa ya uongo kuhusu tabia ya mgombea ni kosa la uchaguzi: Novemba 2010 mahakama ilibatilisha ushindi wa Phil Woolas, Oldham East and Saddleworth, kwa sababu vipeperushi vyake vilimsingizia mpinzani kwamba anawabembeleza Waislamu wenye msimamo mkali. Sheria hiyo hiyo inawabana wanaharakati. Misikiti nayo iwe na tahadhari yake: mwaka 2015 mahakama ya uchaguzi ilifuta ushindi wa meya wa Tower Hamlets, mashariki mwa London, na mojawapo ya sababu ilikuwa shinikizo la kidini kutokana na barua iliyosainiwa na maimamu 101. Imamu anaweza kufungua mlango wa mdahalo, kuwakaribisha wagombea wote na kukaa. Akisema nani achaguliwe kwa ajili ya Mungu, amewaingiza wote mahakamani.

Kisha subirini Bunge lifunguliwe. Wabunge hupanga siku za kuonana na wananchi jimboni, mara nyingi Ijumaa au Jumamosi, kwa miadi ya dakika kumi au kumi na tano. Chukueni miadi ya kwanza inayopatikana, nendeni watu wawili wa jimbo hilo na karatasi moja: upande mmoja jibu lake la ukumbini, upande wa pili swali la maandishi mlilomwandalia aliwasilishe kwa waziri. Takwimu za leseni za silaha hutolewa kila robo mwaka, kwa hiyo kila miezi mitatu kuna sababu mpya ya kurudi.